Kabla Hujafungua Hedi: Kupima Silinda za Mashine ya Boti kwa Hewa

Mashine ikiletwa kwangu imechoka, spana ya hedi, yaani kifuniko cha silinda, siigusi siku hiyo. Natoa kwanza geji mbili, mpira wa kompresa na kipande cha hosi chenye urefu wa mkono, kile ninachokitia sikioni. Kazi ya mashine za boti naifanya hapa Lamu, mtaa wa Langoni, zaidi ya miaka 20 sasa, na hasara kubwa kuliko zote nilizowahi kuwatia watu ilitokana na jambo moja: kufungua mashine kabla ya kuisikiliza.

Nitaitaja moja, kwa sababu bado inaniuma. Kusi lilikuwa limekaza. Mvuvi mmoja wa Kizingitini aliniletea mashine yake ya fostroki, silinda moja kompresheni iko chini. Nikamwambia ni ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni. Sikupima zaidi. Tukaagiza ringi na gasketi Mombasa, zikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha kwa boti, siku tisa kwa jumla. Nilipoinua hedi, ringi mpya ziko mezani, nikaona valvu ya ekzosi, ile ya kutolea moshi, imeungua ukingoni, imeliwa kipande kama mwezi mwandamo. Nikatoa pistoni kwa kutaka kuhakikisha: ringi za zamani zilikuwa nzima. Tukaagiza tena, tukangoja tena. Yule mzee alilipia ringi ambazo hakuzihitaji na boti lake likakaa mchangani karibu siku 20, ana watoto wa kulisha. Hakuniambia neno baya. Mwezi uliofuata nikanunua geji mbili.

Geji ya kompresheni karibu kila fundi anayo. Unaifunga kwenye tundu la plagi, unapiga stata, sindano inapanda. Itakwambia silinda ni dhaifu, lakini haitakwambia pumzi inatokea wapi. Tena hupotosha betri ikiwa chini au kabureta ikiwa imefungwa, maana inategemea mashine izunguke kwa kasi na ivute hewa yake yenyewe.

Kipimo ninachokieleza hapa kinakwenda kinyume chake. Mashine imesimama, pistoni iko topu, yaani imefika mwisho wake karibu na hedi, valvu zote zimefunga, na hewa unaiingiza wewe kutoka nje. Silinda ikiwa nzima hewa haina pa kwenda. Ikiwa na kasoro, hewa itatoka, na itatokea mahali maalumu ambapo unaweza kuisikia. Ukienda dukani Mombasa taja likdauni testa, watakuelewa. Karakana kwangu tunaiita geji mbili tu.

Ndani yake ni kitu chepesi kukielewa. Kuna regileta ya kupunguza presha ya kompresa, geji ya kwanza, kisha tundu jembamba, mara nyingi la milimita 1 hivi, kisha geji ya pili, kisha mpira wenye hesi ya plagi, yaani nyuzi za kufungia, mwishoni. Hewa ikikosa pa kutokea, presha ya kabla ya tundu na ya baada ya tundu zinalingana, geji zote zinasoma sawa. Silinda ikivuja, lile tundu jembamba haliwahi kuijaza, na geji ya pili inashuka. Ukiweka 100 kwenye ya kwanza, hesabu haina taabu: ya pili ikisoma 92, silinda imepoteza asilimia 8.

Kwa kuwa kila kitu kinategemea ukubwa wa tundu lile, usibishane na fundi wa Malindi kwamba yeye kapata 6 nawe umepata 11. Tundu lake likiwa kubwa kidogo kuliko lako, silinda ileile itaonekana nzima zaidi kwake. Mafundi wa ndege ndogo za pistoni kule Marekani walilimaliza hilo kwa kukubaliana kipimo kimoja: presha ya psi 80, na tundu la inchi 0.040 kwa silinda ambazo kipenyo chake hakifiki inchi 5. Sisi wa boti hatuna makubaliano hayo. Kwa hiyo linganisha silinda na mwenzake katika mashine moja, na linganisha mashine na ilivyokuwa mwaka jana kwa geji zako mwenyewe.

Matayarisho

Kompresa iwe na uwezo wa kufikisha zaidi ya psi 100 na kudumu hapo. Ya kujazia magurudumu ya bodaboda inatosha ikiwa ina tangi. Pampu ya mkono au ya mguu haifai. Na hapa kwetu pwani kuna jambo ambalo vitabu vya mashine havilitilii mkazo: hewa ya Lamu imejaa unyevu, na kompresa ikiikandamiza, unyevu unageuka maji chini ya tangi. Fungua koki ya chini kila asubuhi kabla ya kupima. Mara ya kwanza nilipoifungua ya kwangu yalitoka maji yenye kutu ya kujaza kikombe cha kahawa, na maji hayo yangeishia ndani ya silinda ya mtu.

Mashine ipashe moto kwanza. Mimi naifunga kwenye kigogo, mguu wake ndani ya pipa la lita 200 lililojaa maji baridi, inazunguka taratibu kama dakika 10. Sababu ya kuipasha ni kwamba chuma kinapanuka: pistoni, ringi na valvu havikai ikiwa baridi kama vinavyokaa kazini. Hili nitalirudia chini, kwa sababu ndilo lililoniokoa juzi.

Ukishaizima, ngoja hadi uweze kuweka kiganja juu ya hedi bila kukiondoa. Hedi ni ya alumini, na plagi ikitolewa ikiwa ya moto sana huweza kutoka na hesi za hedi. Puliza kwanza chumvi na mchanga uliokaa kuzunguka plagi, la sivyo utauangusha ndani. Kisha toa plagi zote, si ile ya silinda unayoipima peke yake. Zipange mezani kwa mpangilio wake, namba 1 ni ya juu kabisa, na uzitazame rangi. Toa kamba ya usalama ya kuzimia, ondoa waya wa betri, weka gia frii. Asiwepo mwenye sigara, kwa kuwa mvuke wa petroli utakuwa unatoka kwenye matundu hayo.

Na propela itoe. Naomba hili lisipuuzwe. Hesabu ndogo: silinda yenye kipenyo cha milimita 65, ukiipa psi 100, pistoni inasukumwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 230. Ni mifuko minne na nusu ya saruji juu ya kitu kisichozidi upana wa kikombe cha chai. Pistoni ikiwa topu sawasawa, nguvu hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na haizungushi kitu. Ikiwa imepita topu kidogo tu, krenki itazunguka ghafla, na spana uliyoiacha kwenye nati ya flaiwili, lile gurudumu zito la kichwani mwa krenki, itakupiga. Mpwa wangu, ambaye ananisaidia karakana, aliwahi kuiacha pale. Ilimpita kidevuni ikagonga ukuta wa matumbawe na kung'oa kipande cha chokaa. Tangu siku hiyo sheria yetu ni moja: mpira wa hewa haufungwi mpaka spana irudi mezani na mwenzako aione kwa macho.

Kuitafuta topu

Silinda za mashine ya boti zimelala, lakini tunasema topu vilevile, yaani pistoni iko karibu kabisa na hedi. Katika fostroki pistoni hufika topu mara mbili kwa kila mzunguko kamili wa kazi: mara moja ikikandamiza, valvu zote zimefunga, na mara moja ikitoa moshi, ambapo valvu ziko wazi. Unaitaka ile ya kwanza.

Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, na mwenzako azungushe flaiwili polepole kwa spana, kwa mkono wa saa, upande ule ule mashine inavyozunguka. Usiirudishe nyuma. Ukiirudisha, mabawa ya impela ya maji kule chini yanakunjika kinyume, na ya zamani yanaweza kukatika. Ukipitiliza topu, zunguka tena mizunguko miwili.

Kidole kikianza kusukumwa, unajua ni kompresheni. Hapo toa kidole, ingiza mrija wa plastiki wa juisi hadi uguse pistoni. Nasema wa plastiki kwa sababu nimeona watu wakitumia kijiti cha mshikaki, na kijiti huvunjika. Shika mrija kwa vidole viwili, usiukazie. Utausikia unasukumwa nje, unasukumwa, kasi inapungua, kisha kuna pahali unasimama ingawa flaiwili bado inasogea kidogo. Pahali hapo pa utulivu ndipo. Ukisogea zaidi mrija utaanza kurudi ndani. Tazama na alama ya taiming kama ipo, lakini mrija ndio ninaouamini.

Ukishaipata topu ya namba 1, chora alama ya kalamu ya rangi juu ya flaiwili. Kwa mashine ya silinda tatu, gawanya duara mara tatu na uweke alama mbili zaidi, kwa sababu silinda hupokezana kila theluthi mbili za mzunguko. Zikifuatana 1, 3, 2, ndivyo nawe utakavyozifuata, huku ukihakikisha kila mara kwa kidole na mrija.

Kupima

Kabla ya kuunganisha na mashine, mpira wa mbele ukiwa umefungwa, fungua regileta polepole hadi geji zote mbili zisome 100. Zisiposomana sawa hapo, kifaa chenyewe kinavuja au geji moja ni mbovu; tengeneza kwanza. Kisha rudisha regileta hadi sifuri.

Funga mpira kwenye tundu la plagi kwa mkono, uwe na ringi yake ndogo ya mpira. Hesi ziwe za kipimo cha plagi ya mashine hiyo, maana zipo za milimita 10, 12 na 14, na ukilazimisha utaharibu hedi. Ingiza presha ndogo kwanza, psi 15 au 20. Ikiwa pistoni haiko topu sawasawa, flaiwili itajisogeza taratibu, nawe utaona bila hatari. Rekebisha. Ikitulia, panda hadi 100, mwenzako akiwa ameishika flaiwili kwa kifaa chake cha kuishikia. Soma geji ya pili, uandike hapo hapo. Usitegemee kichwa.

Kwa geji zangu, hewa inayopotea ikiwa chini ya asilimia 10 nafurahi. Kati ya 10 na 20 mashine inafanya kazi na haina neno. Ikifika 20 na kitu namwambia mwenyewe tuiangalie tena baada ya miezi mitatu. Ikipita 30 sitaki ipeleke watu Pate. Lakini hata kabla ya hapo, silinda mbili zikipoteza 8 na ya tatu 22, ile ya tatu ina jambo, japo 22 peke yake isingenitisha. Na hakuna silinda isiyovuja kabisa: ringi zina mdomo, ule mwanya kati ya ncha zake mbili, na hewa kidogo hupita hapo hata mashine ikiwa imetoka kwenye boksi lake.

Sasa sikiliza

Hapa ndipo kipimo kinapolipa gharama yake, na hapa ndipo wengi wanapoondoka wakiwa wameshaandika namba. Zima kompresa kama tangi lake linaweza kustahimili dakika moja, zima redio, waambie vijana wanyamaze. Presha ibaki ndani. Chukua ile hosi, upande mmoja sikioni, upande wa pili uupeleke mahali kwa mahali.

Anza kwenye tundu la oili: fungua kifuniko, chomoa dipstiki. Mlio mwembamba wa mbali utausikia daima, ni ile hewa ya mdomo wa ringi. Ukisikia pumzi nzito, na kiganja kikahisi upepo, ringi zimechoka au silinda imechubuka. Kwenye magari kuna mafundi humwaga kijiko cha oili ndani ya silinda kisha wakapima tena. Namba ikipanda ni ringi. Kwa mashine ya boti usiitegemee sana njia hiyo. Silinda imelala, oili inakaa upande wa chini tu, upande wa juu unabaki mkavu.

Kisha nenda kwenye kabureta, ukiwa umefungua throto hadi mwisho. Hewa ikitokea hapo, valvu ya kuingizia haijafunga. Kwa mashine yenye kabureta tatu, hakikisha unasikiliza ile ya silinda yako.

Ekzosi ya mashine ya boti haiko karibu kama ya gari. Moshi wake unashuka ndani ya mguu hadi katikati ya propela. Kwa hiyo unainama chini kabisa, unaingiza hosi pale propela ilipotoka, mguu ukiwa nje ya pipa, maana maji yakiwepo hayatakuachia kusikia. Sikiliza pia kile kitundu kidogo cha nyuma, juu ya usawa wa maji, moshi unapotokea mashine ikiwa silensa, yaani inazunguka taratibu bila kupewa nguvu. Mlio hapo ni valvu ya ekzosi.

Baada ya hapo tundu la plagi la silinda jirani. Weka kipande cha karatasi laini juu yake. Kikitikisika, gasketi imekatika kati ya silinda mbili. Mwisho, njia ya maji. Gari kama Probox utafungua radieta na kutazama mapovu. Mashine ya boti haina radieta, maji ya bahari yanapita tu na kutoka, kwa hiyo natoa kifuniko cha thamostati na kuweka hosi hapo, na kwenye kile kitundu cha pembeni kinachotema maji. Kisha napaka maji ya sabuni kwa brashi kuzunguka ukingo wote wa hedi. Kwetu hili la njia ya maji nalitazama kwa makini kuliko mengine, kwa kuwa chumvi inakula alumini kimyakimya chini ya gasketi, hasa kwa mashine isiyosafishwa kwa maji baridi baada ya kazi. Mwenye nayo haoni chochote mpaka siku inachemka.

Mashine ya nahodha wa Mokowe

Nitaeleza moja mwanzo hadi mwisho. Nahodha wa boti ya abiria, Mokowe na Lamu, alinijia na mashine ya farasi 40, silinda tatu. Ni mtu mzima kuliko mimi.

"Mwanangu," akaniambia, "asubuhi inakwenda kama mpya. Safari ya pili, jua limepanda, inakufa nguvu katikati ya maji. Nikiitia silensa inatetemeka boti zima."

"Mzee, imeshafunguliwa?"

"Haijafunguliwa. Ila nimeambiwa na watu niuze, ninunue nyingine."

Siku ile nilikuwa na haraka, nikaipima baridi. Namba 1 ikasoma 91, namba 2 ikasoma 90, namba 3 ikasoma 85. Asilimia 15 kwa ile ya tatu, si ya kumtisha mtu. Ningeweza kumrudishia na kumwambia ni petroli mbaya. Lakini maneno yake yalinikaa: asubuhi nzima, jua likipanda mbovu. Nikaifunga kwenye pipa, ikazunguka hadi ikapata moto, nikapima tena. Namba 1, 92. Namba 2, 90. Namba 3, 54.

Hewa karibu nusu inapotea, na haikuhitaji hata hosi kuisikia. Mpwa wangu aliyekuwa ameinama nyuma ya mguu wa mashine aliinua mkono. "Ami, huku. Inapuliza huku." Nikainama nami. Pale propela ilipotoka palikuwa na pumzi ya moto, yenye harufu ya moshi, inatoka kwa nguvu moja bila kukatika. Kwenye dipstiki ule mlio mwembamba tu. Kabureta kimya.

Valvu ya ekzosi, basi. Miaka iliyopita ningeishika hedi saa ile ile. Sasa nikaiacha ipoe usiku kucha, na asubuhi nikafungua kifuniko cha valvu peke yake na kupima nafasi kati ya shina la valvu na mkono unaolisukuma, kwa fila geji, yale mabapa membamba ya kupimia. Silinda 1 na 2 zilikuwa ndani ya kipimo cha kitabu. Ya ekzosi, silinda ya 3, bapa jembamba kuliko yote halikuingia. Hakukuwa na nafasi hata kidogo.

Inatokea hivi. Valvu inapopiga kiti chake mamilioni ya mara, inazama kidogokidogo, na shina lake linasogea juu kuelekea kwenye mkono unaoisukuma. Ile nafasi iliyoachwa makusudi inakwisha. Mashine ikiwa baridi valvu bado inafunga, kwa shida. Ikipata moto shina linarefuka, halina pa kurefukia, na valvu inabaki imeinuliwa upana wa unywele. Moshi wa moto unapenya hapo kila mpigo. Ukiiacha, ukingo wa valvu unaungua, kama ule wa mvuvi wa Kizingitini.

Nikarekebisha nafasi kwa kipimo cha kitabu, nikazungusha mara mbili, nikapima tena fila geji. Kisha pipa, moto, hewa: 83. Haikuwa 91, kwa sababu kiti kilikuwa na masizi yaliyokwisha kukaa. Nikamwambia aiendeshe wiki moja, kila safari aipe nguvu kamili japo kwa dakika chache, kisha airudishe. Aliporudi ilisoma 87. Hedi haikuguswa. Alilipa siku mbili za kazi na gasketi ya kifuniko cha valvu.

Si kila mara itakuwa nyepesi hivyo. Ingebaki 54 baada ya kurekebisha, ningejua valvu imeungua au imepinda, na hedi ingefunguliwa. Ila ningeifungua nikijua naendea nini, vifaa vya kuagizwa vingekuwa vya valvu, na vingeagizwa mara moja.

Mambo madogo ya mwisho

Punguza presha hadi sifuri kabla ya kufungua mpira kwenye plagi. Mpira uliojaa psi 100 ukitoka ghafla unachapa kama mjeledi. Rudisha plagi kwa mkono hadi ziguse, ndipo spana: mpya yenye washa yake nusu mzunguko, ya zamani kidogo tu. Mashine itakayokaa bila kazi, kama zile zinazopandishwa pwani wakati wa kusi, tia oili kidogo kwenye kila silinda na uizungushe kwa mkono kabla ya kufunga, maana hewa uliyoiingiza ilikuwa na unyevu.

Kwa tustroki, ambazo bado ni nyingi kwetu, geji mbili zitakueleza habari za ringi na gasketi, lakini mashine hizo hazina valvu kama hizi, na sehemu ya chini ya krenki inahitaji kipimo chake cha peke yake kwa presha ndogo sana. Usitie psi 100 huko chini, utatoa sili zote.

Na ukiwa unajifunza, usianze na mashine ya mtu inayobeba abiria. Anza na bodaboda. Silinda moja, valvu mbili, ekzosi unaifikia bila kuinama, na kuishika isizunguke ni kuitia gia ya juu na kukanyaga breki ya nyuma. Pima tano au sita nzima, zenye nguvu, hadi sikio lako lijue mlio wa ringi nzima ulivyo. Mpwa wangu nilimpa wiki mbili za hivyo.

Ndani ya kifuniko cha mashine ya nahodha nimeandika kwa kalamu ya rangi nyeupe, pale ambapo maji hayafiki: 92, 90, 87, imepimwa moto, na tarehe. Chini yake nimeacha nafasi ya mstari mwingine.